Unene Niliojivunia Sokoni

Jumapili nikitoka kanisani niliambiwa kwamba mama muuza dagaa wa soko la Nkwenda amefariki. Wasomaji wangu mnanijua: darasa la tatu sikulimaliza, nikaanza na baiskeli ya kubebea ndizi, na leo nyumba yangu ya bati inaonekana tangu barabarani. Biashara sikufundishwa na mtu. Lakini binti yangu yu hai kwa sababu ya mdomo wa mama yule, na leo naweka majigambo kando nimshukuru.

Ilikuwa miaka ya themanini. Binti alikuwa ameachishwa ziwa, mashavu yamejaa, miguu imejaa. Siku ya soko nikambeba begani, watu waone mtoto wa mwenye shamba. Kwetu chakula ni ndizi. Mayai tuliuza, na dagaa tuliwaachia vibarua. Nikasimama mbele ya mama muuza dagaa: "Shikamoo mama. Umeona mtoto alivyonenepa?" "Marahaba tajiri, hebu mlete." Akambonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki pale pale. "Huyu amevimba. Na nywele hizi nyekundu, umempaka nini?" Nikamjibu kwa sauti ili wengine wasikie: "Mama, kwangu ndizi zinaozea shambani!" "Ndizo hizo unazomjaza asubuhi mpaka jioni. Surua imeshafika Kimuli. Ikimkuta hivi, utamzika. Mpeleke zahanati, na dagaa hawa uwatwange umchanganyie. Au unaona haya kubeba chakula cha vibarua?"

Soko likacheka. Nikaondoka kwa hasira. Njiani nikamshusha, nikabonyeza mguu mwenyewe. Shimo. Nikarudi kwa mama yule, nikapita mbele ya wale wale waliocheka, nikabeba dagaa.

Zahanati wakasema ni utapiamlo, na kwamba mwili uliochoka namna ile hauna nguvu ya kupigana na surua. Chanjo ilikuwa imekwisha, tukaambiwa tusubiri. Basi tukamlisha dagaa, maharage, maziwa, na mayai nikakataza yasiuzwe. Uvimbe ulipoisha mtoto akabaki mwembamba, majirani wakanong'ona kwamba mali zimeniishia. Mimi, kusemwa hivyo! Nikazidi kumtwangia dagaa. Chanjo haijafika, surua ikaingia kijijini. Ikamshika kweli: macho mekundu, vipele, kikohozi cha kutisha. Nyumba ya pili kulikuwa na mtoto mnene, mnene kama wangu wa mwanzo. Huyo tulimzika. Wangu aliamka asubuhi moja akaomba kula.

Juzi msibani binti huyo, mama mtu mzima sasa, alikaa na kina mama wakimenya ndizi. Nikamwona anachota dagaa waliotwangwa, anawamwaga kwenye sufuria ya watoto, bila kuagizwa na mtu. Mama yule angemtania, kisha angemwongezea.

Surua haikuuliza bati langu wala ukubwa wa shamba. Iliuliza mwilini mwa mtoto mna nini. Nawe msomaji, ukiona mwanao amenona ghafla, kabla hujambeba begani watu wamwone, mshushe chini umbonyeze mguu.