Upepo wa Futi Elfu Kumi

Kuna asubuhi moja ambayo huikumbuka kila ninaposhika redio, mdogo wangu. Sina mvi za kukupa nasaha, ila hili nimelipitia mwenyewe, acha nikusimulie kabla hujaanza kazi kama yangu.

Nilikuwa nimetoka chuo juzi tu, kazi yangu kuwasomea marubani utabiri wa hali ya hewa kwenye kiwanja kidogo cha ndege huku Serengeti. Mwenzangu pale alikuwa Mzee Wambura, ambaye huondoa ng'ombe na swala kwenye njia ya kurukia kabla ndege haijaja.

Asubuhi hiyo aliletwa Bhoke, mama mjamzito kutoka Issenye, hali yake mbaya, apelekwe hospitali Arusha. Alipakiwa na muuguzi wake na mjomba wake. Rubani akaniuliza kwa redio upepo wa juu, kwani angevuka milima kwa kimo cha futi elfu kumi.

Karatasi ya utabiri ninayo mkononi. Kila mstari una kimo chake, upepo unakotoka, kasi yake na joto. Ni kusoma tu. Mimi nikaanza kufikiri. Nimezaliwa Mbalibali, bahari sijawahi kuiona, na kimo kwangu huanzia chini ya miguu. Nikajiambia, rubani anahesabu kutoka baharini, lakini karatasi lazima inahesabu kutoka ardhini. Ardhi yetu imeinuka karibu futi elfu tano. Nikiitoa, zinabaki elfu tano. Nikamsomea mstari wa elfu tano: upepo dhaifu kutoka mashariki. Akapiga hesabu, akaona mafuta yanatosha.

Ndipo nikaona maandishi madogo chini kabisa: vimo vyote ni juu ya usawa wa bahari. Nilichomsomea ni upepo unaopita juu kidogo ya nyasi zetu! Mstari wa elfu kumi ulikuwa na upepo mkali mara nne, na ndege inaelekea mashariki, uso kwa uso nao.

Nikashika redio, nikaiachia. Labda nimesoma vibaya sasa hivi na mwanzo ndipo nilipokuwa sahihi? Wataniona sifai? Injini ikawashwa.

Mzee Wambura alikuwa mlangoni. "Mbona unashika redio na kuiachia, binti? Umekosea?"

"Nahisi hivyo, baba. Acha nihakikishe mara moja tu."

"Umeishika hiyo karatasi kama mtu anayeiombea. Ndege ikiondoka utamhakikishia nani? Sema!"

Nikabonyeza redio. "Rubani, simama. Nilikusomea mstari usio wako." Nikamsomea ulio wake, pamoja na joto.

Rubani akajibu: "Dada, hiyo ni tofauti ya mafuta mengi. Nikiyaongeza, ndege itakuwa nzito, na kwa joto la hapa chini sitainuka na watu wote hawa. Mmoja ashuke."

Injini ikazimwa. Nilikosea mimi, kwa hiyo nikaenda ndegeni kusema mimi.

"Shikamoo, mjomba. Naomba ushuke, tunahitaji kupunguza uzito ili tuongeze mafuta."

"Marahaba. Nishuke, na mkanda wenyewe nimefungwa kwa shida? Mafuta na mimi, nani ndugu yake Bhoke?"

Bhoke, amelala kwenye machela, akafumbua jicho moja. "Mjomba, shuka! Hata dripu hujui kushika."

Akashuka, akinuna. Mafuta yakaongezwa, ndege ikaruka.

Mchana rubani alipiga simu: "Tumefika. Upepo ni ule wa mara ya pili. Kwa mafuta ya kwanza ningetafuta pa kutua porini, na mgonjwa huyu asingengoja." Bhoke alijifungua salama. Mimi nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi mezani kusoma utabiri wa ndege ya jioni.

Basi, mdogo wangu, sikuambii uache kufikiri. Mimi mwenyewe nimeshindwa kuacha. Nakuambia uulize kimo kinahesabiwa kutoka wapi kabla hujatoa wala kujumlisha chochote, na ukiona umekosea, sema wakati magurudumu bado yako chini. Aibu ya kusema niliimaliza kwa dakika chache. Kama ningenyamaza, ningeibeba maisha yangu yote.

Mungu akupe macho matulivu na mdomo usiochelewa, na kila anayesafiri kwa neno lako afike salama.