Kamba ya Ushuru na Eda ya Mama

Nilirudi Mombasa kumzika baba, nikabaki, kwa kuwa wiki ileile chuo kikuu kilifungwa kwa migomo. Mama, sasa mjane, akaingia eda chumbani kwake, Mji wa Kale. Huko nje kulikuwa na jambo jipya: kamba yenye vitambaa vyekundu ilivutwa kukata njia mwanzo wa Biashara Street, na kila gari lililotaka kuingia mjini lililipishwa ushuru kwanza. Lenye mizigo lililipa mara tatu.

Nani aliwatuma wale watu wa kamba? Nilizichunguza risiti walizowapa madereva, hazikuwa na muhuri wala nambari. Nilipouliza kwa kinyozi, aliongeza sauti ya redio. Baadaye aliniambia polepole kwamba mwenye duka la viatu naye aliuliza, na kesho yake akakuta magurudumu manne ya gari lake yamechanwa.

Nyumbani pia niliuliza. Miezi minne na siku kumi ndani, asionekane na mwanamume wa kando, kwa faida ya nani?

"Wewe uliza, mwanangu," mama alinijibu. "Mimi nakaa."

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa akiuza kanga Biashara Street, na alikuwa na Peugeot kuukuu. Asubuhi moja alitaka kupeleka dukani marobota matatu, akaogopa watu wa kamba watayazuia. Nikamwambia aniachie mimi. Tuliyapanga marobota kiti cha nyuma, tukayafunika buibui, tukatundika kanga madirishani. Pale kwenye kamba nilishuka nikasema ndani yumo mjane aliye edani. Yule mtu wa kamba, mtu wa bara, mrefu, hakujua eda ni nini. Nilimweleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza kitu chochote chuoni. Alivua kofia, akasema, "Poleni sana," akaishusha kamba na kutazama pembeni mpaka tukapita.

Nilikuwa nacheka. Mjomba hakucheka. Tulipofika dukani ndipo aliponiambia, "Umemtia dada yangu garini bila ruhusa yake."

Siku ya tatu nilipita pale kwa miguu. Yule mtu aliniita, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama yako mzito kweli. Nasikia alibebwa na hamali mpaka dukani."

Tangu siku hiyo nilizunguka njia ya mbali, na usiku nililala nikisikiliza hatua uchochoroni. Mimi niliyemcheka kinyozi kwa woga wake.

Haikupita wiki, mama akaamka analalamika kichwa. Kikombe cha chai kilimponyoka. Alipotaka kusema, maneno yalitoka mazito, kama ya mtu mwingine. Daktari wake wa presha alikuwa Biashara Street, ghorofa ya kwanza, na njia zote za kuingilia huko zilikuwa na kamba. Mjomba akaja mbio na gari. Nilizitundika kanga madirishani mimi mwenyewe, zilezile, nikijua zitaonekana vipi.

Pale kwenye kamba alikuwa ni yule mtu mrefu.

"Leo marobota mangapi?"

Nikamwambia ni mama, yuwaumwa, naapa. Mjomba alikuwa ameshatoa mkono dirishani na pesa za ushuru wa mizigo, ili tupite tu. Yule mtu hakuzigusa.

"Sitaki pesa," alisema. "Mimi nilivua kofia. Fungua hicho kitambaa nione."

Akashika kitasa cha mlango wa nyuma. Nikajiingiza kati yake na gari, mgongo kwenye kioo, mikono nimeitanua. Muhuri, nambari, sheria, hakuna hata kimoja kilichonijia mdomoni. Nilichoweza kusema ni, "Usimtazame, tafadhali, usimtazame." Nyuma yangu nilikuwa nikimsikia mama akipumua, na nilihesabu kila pumzi nikiogopa isifuatwe na nyingine.

Kisha kioo kikaanza kuteremka mgongoni mwangu. Nilipogeuka, mama alikuwa ameisogeza kanga. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umelegea.

"Nitazame, mwanangu," alimwambia yule mtu, neno moja moja. "Ni mtu."

Alivua kofia. Aliishusha kamba mpaka chini, akaikanyaga ili isinase magurudumu, na uso akaugeuzia ukuta wa duka. Alikuwa bado amegeuka hivyo tulipokata kona.

Daktari alimchoma sindano, akamlaza kitandani pake, akanikataza kumsemesha. Baada ya alasiri mdomo ulianza kurudi mahali pake, tukamrudisha nyumbani. Nilikuwa namwekea mto alipouliza, "Siku ile nyingine, mimi nilikuwa marobota mangapi?"

"Matatu," nikasema.

"Nilinenepa."

Nilingoja acheke ili nami nicheke. Hakucheka. Alijigeuza kuelekea ukutani, akaanza kuzihesabu siku zake za eda kwa vidole, tangu siku tuliyomzika baba. Nilijua pa kumkatiza: mgonjwa ana ruhusa kutoka, na kuonekana uso hakuvunji eda. Nilikuwa nimeshayasoma hayo ili nibishane naye. Sasa sikuthubutu kufungua mdomo.

Alipoifikia asubuhi ile aliyotazamwa, kidole kilisimama. Halafu akaianza eda upya, moja.