Dúnlaith Alipomnyima Mfalme Shairi

Dúnlaith alikuwa binti wa mchonga vitana vya pembe. Kwao hakuna aliyewahi kukalia kiti cha mshairi, na kwa sheria ya nchi yao mtu wa namna hiyo, asome asomavyo, haifiki daraja ya juu. Hilo halikumkosesha usingizi. Katika chuo cha washairi alilala gizani pamoja na wanafunzi wenzake, shuka usoni, kama ilivyokuwa desturi, akihifadhi nasaba na mashairi mpaka yakamkaa damuni, na alipohitimu akalibeba tawi lake la shaba lenye njuga, alama ya mshairi, kama aliyezaliwa nalo.

Mfalme wao, Fáelán, akamfanya mshairi wake, wakaishi kwa kusikilizana. Kisha siku moja mfalme akarudi kutoka safari na mbwa wake, amelowa chapachapa, ana njaa, amefura kwa hasira. Alikuwa amebisha hodi kwa Cuanu, tajiri wa ng'ombe ambaye heshima yake yote ilikuwa kutomfungia mgeni mlango, na Cuanu hakumfungulia. Mfalme akamtaka Dúnlaith amtungie Cuanu shairi la kashfa, lile ambalo likishasemwa hadharani mtu hana tena uso wa kuonyesha.

Dúnlaith akasema ataanza kwa kwenda kuona.

"Kuona nini? Si nimekwambia mimi?"

"Umenambia ya mlangoni, mfalme wangu. Ya ndani hukuyaona."

Akaenda kwa miguu. Rónnat, mke wa Cuanu, alimsimamisha mbali na nyumba. Ndani, alisema, kulikuwa na wagonjwa wa homa iliyowageuza manjano, na kitinda mimba wao walikuwa wamemzika. Cuanu hakutaka mfalme aondoke na maradhi, ndiyo maana akamwekea mkate na siagi juu ya ukuta wa nje, akamwita kutoka dirishani. Lakini sauti ilikuwa imemkauka, na mvua ilikuwa ikinguruma.

Siku ya baraza watu walifurika, wengi wao wakija kumwona Cuanu akivuliwa nguo kwa maneno. Dúnlaith akatikisa tawi, kukawa kimya. Akamsifu Cuanu, beti kwa beti, mtu aliyekubali kupoteza jina lake ili mfalme asipoteze uhai.

Fáelán akaiva uso. "Hivi ndivyo nilivyokuagiza?"

"Sivyo. Lakini kashfa ya uongo humtoa malengelenge aliyeisema, na uso wangu mimi naupenda."

Watu wakaangua kicheko. Mfalme akangoja kiishe.

"Huo mkate ulikuwa wapi?"

"Ukutani, mkono wako wa kulia. Waulize mbwa wako, ndio walioula."

Safari hii hata yeye alicheka, ingawa si kwa moyo wote. Majira yote ya baridi alimkalisha Dúnlaith mwisho wa meza, mbali na nyama nono. Dúnlaith akala alichopewa, akaendelea kutunga.

Homa ilipoondoka kwa Cuanu, Dúnlaith akaenda kumwimbia yule mtoto maombolezo, akakataa malipo. Alipofika kwenye kaburi, alisikia farasi nyuma yake. Fáelán akashuka, akavua kofia, akasimama kando ya Cuanu mpaka wimbo ukaisha. Kisha Rónnat akafungua mlango kwa mapana yake, wakaingia wote kula.