Maji ya Kupimia

Muuguzi amenifuta kidole kwa pamba yenye spiriti. Nyuma yake bomba la maabara linamwaga maji, na hakuna anayehangaika kulifunga. Harufu ni ile ile.

Utotoni mwangu sisi tulikwenda hospitali na maji yetu. Hospitali ilikuwa imepata hadubini mpya, ila Newala maji yalikuwa ya shida, na damu ya kupimwa hutiwa rangi kisha husuuzwa. Asiye na maji alikuwa hapimwi. Mama alitoka kijijini kwetu Chilangala na dumu kichwani, maji ya mwisho ya nyumbani, na mdogo wangu mgongoni, midomo imemkauka kwa homa.

"Mama, maji," mdogo wangu aliomba.

"Haya ya kupimia, mwanangu. Vumilia."

Mpimaji alisuuza, akachungulia, akamwita mama naye achungulie. "Malaria, mama. Imejaa." Mama alitabasamu kama mtu aliyemshika mwizi wake.

Kwenye dirisha la dawa rafu zilikuwa mpya, bado zinanuka rangi, na hazina kitu. "Sindano zimekwisha, mama. Siku hizi zinauzwa madukani, lakini huku juu hakuna. Labda Mtwara."

Basi la Mtwara lilikuwa limeshaondoka.

Mpimaji alitufuata uani na dumu letu. Maji yalikuwa yamebaki zaidi ya nusu. Mama alimimina kwenye kifuniko, akamwekea mtoto mdomoni.

"Kunywa sasa. Yote yako."

Maji yalimtoka pembeni mwa mdomo, yakalowesha kanga. Mama akamimina kifuniko kingine.