Gauni la mdoli limegoma tumboni

Leo mdoli ameniliza, jamani.

Binti yangu anaishi Njombe na baba yake. Mimi niko Makambako na cherehani yangu.

Nimempelekea gauni na kisweta cha mdoli wake, vipimo vya yule mwembamba niliyemnunulia mwenyewe.

Kaniletea mdoli mwingine. Mnene, wa kitambaa, tumbo hilo! Gauni likagoma.

"Yule wako yuko wapi?"

"Nilimgawa."

Basi nikatoa futi nimpime huyu mpya, nikashone upya. Mtoto akanishika mkono, kwa upole kabisa.

"Usihangaike. Mama atamshonea."

Mama anayemsema ni mke wa baba yake.

Nikaikunja futi yangu.

Nyie mngemjibu nini?