Vifaranga Niliowanyima Hewa

Nilidhani adui ni baridi, kwa hivyo nikaziba kila tundu la banda kwa karatasi ya nailoni na misumari. Ndiyo kazi pekee ya ufundi niliyowahi kuifanya ikakamilika, na ndiyo iliyokuwa ikiwaua vifaranga wa mke wangu.

Alikuwa ameenda kwao, upande wa ziwa, kwa matanga ya shangazi yake. Akaniachia vifaranga arobaini kwenye banda la mabati lililoegemea chumba chetu hapa mtaani Gatwekera. Alisema hana wasiwasi, kwa kuwa mimi hata dukani natumwa mara tatu ndiyo nitoke.

Nilitoka mara moja tu, hadi kwa fundi wa mbao kule kituo cha matatu cha Kawangware 56. Akanipa gunia la maranda bure kwa sababu yalikuwa yamenyeshewa. Nikayatandaza bandani vivyo hivyo na unyevu wake, nikajiona mjanja.

Baada ya siku chache vifaranga wakaanza kupumua midomo wazi, shingo zimenyooshwa juu, bila mlio wowote. Huo ukimya ulinitisha kuliko kelele. Nikasema ni homa. Nikawapondea alovera kwenye maji, kama mama alivyokuwa akifanya, halafu nikaongeza karatasi. Asubuhi wanane walikuwa wamelala chali. Mke wangu akapiga simu, akauliza watoto wake wa bandani wanaendeleaje. Nikajibu wanakula. Ilikuwa Alhamisi, na angerudi Jumamosi.

Jirani wa mlango wa pili, mama aliyefuga kuku kabla mimi sijajua kuchemsha yai, aliletwa na harufu. Akachota maranda kwa mkono, akanionyesha ukungu wa kijani. Akaniambia huo ndio wanaovuta, unamea kwenye mapafu, na aliyeshikwa hana dawa, tuokoe wazima. Tukayatoa maranda yote, tukang'oa karatasi. Mimi nikachutama kuhesabu wanaopumua midomo imefungwa. Nilifika kumi na tisa, nikarudia, nikitumaini nimekosea.

Katikati ya hesabu nikakohoa, kikohozi changu cha tangu mvua zianze. Akanitazama, kisha akachungulia chumbani kwetu: dirisha limezibwa kwa karatasi ile ile, ukuta una kijani kile kile.

"Wacha kuhesabu kuku," akasema. "Ng'oa na hiyo yako, ama Jumamosi bibi yako apate mmekufa wote."