Gunia Lenye Macho

Nikisikia harufu ya gunia la kahawa, narudi uwanjani kijijini wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipowasaka wapiganaji wa msituni.

Katika hadithi za nyanya, zimwi lilikuja gizani na mwanga ukalifukuza. Kwa hiyo askari walipotupanga juani adhuhuri, wakaleta mtu aliyevikwa gunia lenye matundu ya macho, sikuogopa.

“Nyanya, hilo ni zimwi?”

“Nyamaza. Ni mtu, na miguu hiyo naijua.”

Askari alicheka. “Haya, bwana gunia, nani amekula kiapo cha watu wa msituni?”

Gunia likasimama mbele ya baba, likainamisha kichwa kuitikia. Wakampeleka baba nyuma ya miti ya kahawa, tukasikia bunduki.

Jioni niliomba hadithi. Nyanya akazima koroboi.

“Tukae gizani, mjukuu wangu,” akasema. “Mwanga wa leo umetutosha.”